Mcheza Kwao Hutunzwa: Uhakiki wa Simulizi la Kuondoka kwa Mbwana Samatta

Miongoni mwa mambo yanayozungumzwa sana katika vijiwe na mabaraza ya nchi yetu mintarafu ya mchezo wa kandanda, ni hili la mshambuliaji anayependwa kuiacha klabu yake. Kila linapotokea, watu huuliza: Kwa nini ameondoka? Nao huuliza kana kwamba jibu limefungwa ndani ya moyo wa mchezaji peke yake, na kwamba wale walioachwa nyuma hawana la kuulizwa. Katika makala haya nimekusudia kulichunguza swali hilo kwa kutumia mfano mmoja unaofahamika na wengi, nao ni kuondoka kwa Mbwana Samatta katika klabu ya Simba mwaka 2011 na kwenda kuichezea TP Mazembe ya Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Sikusudii kuandika wasifu wa mchezaji huyo, wala kumsifu kwa mabao aliyofunga, kwani mabao hayo yamekwisha kusifiwa na watu wenye sauti kubwa kuliko yangu. Ninalokusudia ni kulihakiki simulizi lenyewe, yaani maneno tunayoyatumia tunapomweleza mtu aliyeondoka. Simulizi la mpira husimuliwa na watu wengi zaidi kuliko riwaya yoyote iliyopata kuchapishwa nchini, nalo lina wahusika wake, mashujaa wake na wasaliti wake. Kama tunavyohakiki riwaya na tamthiliya ili tujue jamii inajitazama vipi, ndivyo inavyotupasa tulihakiki na simulizi hili.

Huenda msomaji akauliza kandanda ina uhusiano gani na utamaduni wa taifa. Jibu ni kwamba tangu mwanzo wa Jamhuri mambo haya mawili hayakutenganishwa. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alipounda wizara ya kushughulikia utamaduni, aliiunganisha na mambo ya vijana. Na mwaka 1967 ikatungwa sheria iliyoanzisha Baraza la Michezo la Taifa. Zaidi ya hayo, klabu zetu mbili kubwa, Yanga iliyoanzishwa mwaka 1935 na Simba iliyoanzishwa mwaka 1936, zina umri mkubwa kuliko taifa lenyewe. Mitaa ya Jangwani na Msimbazi ilikuwa na utani wake, mikutano yake na misiba yake kabla bendera ya uhuru haijapandishwa. Simba ilipoliacha jina la Sunderland mwaka 1971 na kuchukua jina la mnyama wa mbuga zetu, tendo hilo lilikuwa la kiutamaduni kama lilivyokuwa la kimichezo. Basi lugha ya klabu hizo si lugha ya pembeni. Ni sehemu ya usemi wa taifa.

Tuanze na yale yaliyotokea. Samatta alikulia Mbagala, katika kiunga cha kusini cha jiji la Dar es Salaam, na alianza kujulikana akiichezea African Lyon, klabu ambayo awali iliitwa Mbagala Market. Mwaka 2010 alijiunga na Simba. Mwanzoni mwa mwaka 2011 Simba ilipambana na TP Mazembe katika mashindano ya klabu bingwa barani Afrika. Mazembe wakati huo hawakuwa klabu ya kawaida. Walikuwa wameshika ubingwa wa Afrika mwaka 2009 na tena mwaka 2010, na mwezi wa Desemba mwaka 2010, huko Abu Dhabi, wakawa klabu ya kwanza ya Afrika kufika katika fainali ya kombe la dunia la klabu, ambako walifungwa na Inter Milan mabao 3 kwa 0. Mbele ya mabingwa hao Simba ilishindwa kwa mabao 3 kwa 1 huko Lubumbashi, kisha kwa mabao 3 kwa 2 hapa Dar es Salaam. Lakini viongozi wa Mazembe walikwisha kumwona kijana mmoja katika safu ya mbele ya Simba, na kabla mwaka haujaisha kijana huyo alikuwa mchezaji wao. Pamoja naye alikwenda Patrick Ochan, mchezaji wa kutoka Uganda, naye pia alitoka Simba.

Katika kisa hiki lipo tukio jingine ambalo wasimuliaji wengi hulisahau. Simba ilikata rufaa kwamba Mazembe walimchezesha mtu asiyestahili, na Shirikisho la Kandanda la Afrika likawatoa Mazembe mashindanoni. Simba ikapewa nafasi ya pili: mwezi wa Mei mwaka 2011 ilikutanishwa na Wydad ya Casablanca katika mji wa Cairo, ikafungwa mabao 3 kwa 0. Yaani katika mwaka ule ule ambao Mazembe walimchukua Samatta, mlango wa mashindano makubwa ulifunguliwa mbele ya Simba kwa nguvu ya kanuni, lakini nguvu ya kuingia haikuwapo. Ni vyema tulikumbuke jambo hili, kwa sababu litatusaidia mbele.

Sasa tuyatazame maelezo yanayotolewa mchezaji anapoondoka. Kwa kawaida ni matatu. La kwanza husema: ameondoka kwa tamaa ya fedha. La pili husema: ametusaliti. La tatu, ambalo hutolewa kwa upole zaidi na watu wenye mvi, ni methali: mcheza kwao hutunzwa.

Hili la tamaa ya fedha lina ukweli wake, lakini ni ukweli usioeleza kitu. Mwalimu akipata kazi yenye mshahara mkubwa zaidi katika mji mwingine, au fundi seremala akiitwa kwenye karakana inayolipa vizuri, hatusemi kwamba ana tamaa. Tunasema amepata riziki. Kwa nini basi riziki ya mchezaji igeuke kuwa tamaa? Nadhani sababu yake ni ya kihistoria. Kwa miaka mingi kandanda yetu ilikuwa ya ridhaa. Mchezaji alikuwa na ajira yake jeshini, bandarini au katika shirika la umma, na mpira aliucheza kwa mapenzi na kwa heshima ya mtaa. Utaratibu huo ulikuwa na manufaa yake, kwa maana mchezaji alipochoka miguu hakukosa chakula. Lakini ajira zile zilipotoweka, mchezaji alibakiwa na mpira peke yake, na sisi tukabakiwa na mawazo yale yale ya ridhaa. Tukataka acheze kwa mapenzi kama zamani, ilhali lile shirika lililokuwa likimlisha halipo tena. Miguu ya mshambuliaji ina muda mfupi. Akifika umri wa miaka 35 wengi humwita mzee, wakati ambapo wenzake wa umri huo katika kazi nyingine ndio kwanza wanakomaa. Mtu ambaye msimu wake wa mavuno ni mfupi hivyo hawezi kulaumiwa kwa kuwahi shambani.

Maelezo ya pili, yale ya usaliti, yanahitaji kuchambuliwa kwa makini zaidi, kwani hapa ndipo lugha yetu inapojifunua. Klabu inapomchoka mchezaji na kumwondoa, husemwa kwamba "ametemwa". Mtu hutema nini? Hutema kapi la muwa baada ya kulifyonza utamu wake wote. Neno hili hutamkwa redioni na kuandikwa magazetini kila mwisho wa msimu, wala hakuna anayesikitika. Lakini mchezaji yule yule akiondoka mwenyewe, kabla utamu wake haujaisha, huitwa msaliti. Ndiyo kusema kwamba katika lugha yetu klabu ina haki ya kumtema mtu, ila mtu hana haki ya kutoka kinywani akiwa bado mzima.

Aidha, yapo maneno ya biashara ambayo huchanganywa na yale ya mapenzi bila ya kuonekana mgongano wake. Mchezaji huitwa "mtoto wetu" asubuhi, na jioni husemwa kwamba klabu "imemuuza". Mtoto hauzwi. Na kama ni kweli kwamba ameuzwa, basi usaliti umetoka wapi? Kitu kilichouzwa hakiwezi kumsaliti mwuzaji. Samatta hakutoroka usiku. Alikwenda Lubumbashi kwa makubaliano baina ya klabu mbili na yeye mwenyewe, kama kanuni za uhamisho zinavyotaka kwa kila mchezaji aliye katika mkataba. Kwa hiyo swali "kwa nini aliondoka?" lilipaswa tangu mwanzo liwe na mwenziwe: "Kwa nini alipewa ruhusa?" Swali hili la pili huulizwa mara chache sana, kwa kuwa jibu lake haliko kwa mchezaji. Liko kwa wenye klabu, na wenye klabu ni sisi.

Nije sasa katika ile methali. Wazee wetu waliposema kwamba mcheza kwao hutunzwa, walikuwa wakitazama uwanja wa ngoma. Mchezaji anapocheza vyema mbele ya jamaa zake, watu hutoka katika duara wakamtunza: huyu humpa fedha, huyu humfunga kanga, yule humfuta jasho. Wanaoitumia methali hii dhidi ya mchezaji aliyeondoka huitazama nusu yake ya kwanza tu, ile ya "mcheza kwao", wakaifanya amri kwamba mtu asichezee ugenini. Lakini uzito wa methali uko katika nusu ya pili. "Hutunzwa" ni kitendo cha kutendwa, nacho kina mtenda aliyefichika. Anayetunza si mchezaji. Ni watu wa kwao. Basi methali hii haimpi mchezaji wajibu zaidi kuliko inavyowapa watazamaji.

Tena neno lenyewe, kutunza, lina maana mbili katika lugha yetu. Maana ya kwanza ni kumpa mtu zawadi kwa uhodari wake. Maana ya pili ni kulea, kuhifadhi na kuangalia kitu kwa uangalifu, kama mtu anavyotunza shamba, mtoto au afya yake. Zawadi ya ngoma hutolewa kwa dakika moja, wakati wa furaha, na mtoaji akarudi kukaa. Malezi hayana dakika wala kelele. Hoja yangu katika makala haya ni hii: katika mpira wetu tumeishika sana maana ya kwanza na kuiacha ya pili. Mshambuliaji akifunga bao dhidi ya mtani wa jadi, fedha humwagwa juu yake na jina lake likaimbwa mpaka usiku wa manane. Lakini ukiuliza ni nani anayemwangalia goti lake, anayesimamia chakula chake, anayemfundisha kusoma mkataba wake, na ni uwanja gani wa klabu anaofanyia mazoezi siku ya Jumatatu, jibu lilikuwa gumu mwaka 2011. Simba ilikuwa klabu yenye umri wa miaka 75 na mamilioni ya wapenzi, lakini haikuwa na uwanja wake wa kuchezea, na mechi zake kubwa ilizicheza katika uwanja wa serikali.

Ukweli huu unaonekana zaidi tukiuliza Samatta alilelewa na nani. Simba haikumlea. Alipofika Msimbazi alikuwa mchezaji aliyekwisha kuonekana, na hakukaa sana akaondoka. Waliomwibua ni watu wa Mbagala, watu wa viwanja vya vumbi na klabu ndogo, ambao katika simulizi la kuondoka kwake hawana hata mstari mmoja. Hakuna aliyepata kusema kwamba Samatta aliwasaliti watu wa Mbagala alipokwenda Simba. Alipovuka kutoka klabu ndogo kwenda kubwa tuliita maendeleo. Alipovuka kutoka klabu yetu kubwa kwenda iliyo kubwa zaidi tukaita usaliti. Safari ni moja, ila sisi tumesimama mahali tofauti.

Je, Lubumbashi kulikuwa na nini? Mji huo wa shaba uko mbali na bahari, lakini Kiswahili ndiyo lugha ya sokoni na mitaani, kwa hiyo kijana wa Mbagala aliweza kuomba maji na kuuliza njia kwa lugha yake mwenyewe, ingawa kwa lafudhi nyingine. Klabu ilianzishwa mwaka 1939, na ilikuwa imetwaa ubingwa wa Afrika mara mbili mfululizo hata katika miaka ya 1967 na 1968, ikiitwa Englebert wakati huo. Mwaka 2011 ilikuwa inaanza kuutumia uwanja wake yenyewe katika mtaa wa Kamalondo. Ilikuwa na fedha za kulipa mishahara, na ilikuwa na desturi ya kufika mbali katika mashindano, jambo ambalo kwa mshambuliaji ni chakula. Mtanzania mwingine, Thomas Ulimwengu, alikuwapo huko pia katika miaka hiyo.

Sisemi kwamba Mazembe ni kielelezo kisicho na ila. Klabu ile ilitegemea sana mkono wa tajiri mmoja, Moïse Katumbi, ambaye tangu mwaka 2007 hadi 2015 alikuwa pia gavana wa jimbo la Katanga. Klabu inayotegemea mkono mmoja hutetemeka mkono huo unapotetemeka, na siasa za Kongo zilimlazimisha Katumbi kuishi nje ya nchi yake kuanzia mwaka 2016 mpaka mwaka 2019. Lakini hata tukikubali dosari hiyo, lazima tukiri lililotendeka: Mazembe walimpokea Samatta akiwa kijana wa miaka 18, wakamtunza kwa maana ya pili ya neno hilo kwa muda wa zaidi ya miaka minne, mpaka akakomaa. Mwaka 2015 waliutwaa ubingwa wa Afrika kwa kuishinda USM Alger ya Algeria, mabao 2 kwa 1 ugenini na 2 kwa 0 nyumbani, naye Samatta akafunga kwa penalti katika kila mchezo. Alimaliza mashindano hayo akiwa na mabao 7, na mwezi wa Januari mwaka 2016, katika mji wa Abuja, akatangazwa kuwa mchezaji bora wa mwaka miongoni mwa wanaocheza ndani ya bara la Afrika. Mwezi huo huo akaenda Ubelgiji kuichezea Genk.

Hapa yafaa tusikilize hoja nzito zaidi, ile ya wanaosema kwamba kuondoka kwa wachezaji ni namna mpya ya unyonyaji. Wao husema: zamani tulipeleka katani na pamba zikiwa ghafi, tukauziwa kamba na nguo; leo tunapeleka vijana wakiwa ghafi, tukauziwa matangazo ya mpira. Hoja hii haistahili kudharauliwa. Hata njia aliyoipita Samatta, kutoka Lubumbashi kwenda Ubelgiji, ndiyo njia iliyopitiwa na shaba ya Katanga katika enzi ya ukoloni. Nayo Genk ni mji wa wachimba makaa ya mawe, na klabu yake ilizaliwa mwaka 1988 kwa kuunganishwa klabu mbili za vitongoji vya migodi, katika miaka ile ambayo migodi yenyewe ilikuwa ikifungwa.

Hata hivyo, shaba haina mapenzi yake wala haina familia. Mtu anayo mapenzi na anayo familia. Ni huko huko Ubelgiji ambako mchezaji mmoja, Jean-Marc Bosman, aliishtaki klabu yake iliyomzuia kuondoka baada ya mkataba wake kwisha, na mwezi wa Desemba mwaka 1995 mahakama ya Ulaya ikaamua kwamba mchezaji aliyemaliza mkataba ni mtu huru. Tukitaka kuupinga unyonyaji, hatuwezi kuanza kwa kumfunga mnyonywaji. Dawa iko kwingine. Tangu mwaka 2001 kanuni za shirikisho la kandanda la dunia zinataka kwamba mchezaji anapohamishwa kwa malipo kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya malipo hayo igawanywe kwa klabu zilizomlea tangu akiwa na umri wa miaka 12 mpaka miaka 23. Fedha hizo ni haki ya klabu ndogo, ya zile Mbagala zote za nchi hii. Lakini haki hiyo haidaiwi kwa kelele za jukwaani. Hudaiwa kwa daftari: jina la mtoto, tarehe aliyosajiliwa, tarehe aliyoondoka. Klabu isiyoweka kumbukumbu hunyonywa hata pale sheria inapotaka ilipwe, wala haiwezi kumlaumu mgeni kwa hilo.

Lipo pia shtaka kwamba anayeondoka huliacha taifa. Shtaka hili matukio yenyewe yamelijibu. Tanzania ilicheza fainali za mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 1980 huko Nigeria, kisha ikakaa miaka 39 bila ya kuzifikia tena. Iliporudi, mwaka 2019 huko Misri, nahodha wake alikuwa Samatta, na katika mchezo tuliofungwa na Kenya mabao 3 kwa 2, moja ya mabao yetu lilikuwa lake. Mtu aliyeondoka ndiye aliyewaongoza waliobaki. Wala yeye hakuwa wa kwanza: katika miaka ya 1970 Sunday Manara, aliyepewa jina la Kompyuta, alikwishakwenda Uholanzi kuichezea Heracles, na mpaka leo jina lake hutajwa kwa fahari na watu ambao hawakupata kumwona akicheza. Fahari hiyo huonyesha kwamba ndani ya nyoyo zetu tunajua kuwa kuondoka si kulikana taifa.

Lakini haki itendeke pande zote. Yasisemwe pia kwamba kila kuondoka ni kupanda. Baada ya kuipatia Genk ubingwa wa Ubelgiji katika msimu wa 2018/19, Samatta alikwenda Aston Villa ya Uingereza mwezi wa Januari mwaka 2020, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi kuu ya nchi hiyo. Alifunga katika mchezo wake wa kwanza wa ligi, akafunga tena katika fainali ya kombe la ligi dhidi ya Manchester City, ambayo timu yake ilishindwa mabao 2 kwa 1. Lakini kabla mwaka haujaisha alikwisha kuhamia Fenerbahçe ya Uturuki. Huko nako klabu humtema mtu upesi. Mchezaji anayeondoka hupata mshahara na uwanja mzuri, ila hupoteza kitu ambacho klabu za kwetu zinacho kwa wingi, nacho ni kukumbukwa. Mpenzi wa Simba aliyesikitika mwaka 2011 hakuwa mjinga. Alimpenda kijana yule bure, bila ya mkataba wala mshahara, na aliyempenda mtu bure ana haki ya kulia anapomwona anakwenda. Ninaloliomba ni kwamba kilio hicho kisigeuzwe hukumu.

Tangu wakati ule mambo kadhaa yamebadilika. Wanachama wa Simba walikubali mwaka 2017 kumwingiza mwekezaji katika umiliki wa klabu yao, na mwaka 2019 klabu ikazindua viwanja vyake vya mazoezi huko Bunju. Mto nao umeanza kutiririka kwa njia mbili. Mwaka 2021 Yanga ilimpata Fiston Mayele kutoka AS Vita ya Kinshasa, mshambuliaji ambaye namna yake ya kutetema baada ya kufunga iliigwa na watoto wa shule nchi nzima. Katika msimu wa 2022/23 aliisaidia Yanga kufika fainali ya kombe la shirikisho la Afrika, na baada ya hapo, mwaka 2023, akaenda Pyramids ya Misri. Mara wakasikika wale wale wakisema maneno yale yale: tamaa, usaliti, kutokuwa na shukrani. Hakuna aliyeuliza kama watu wa Kinshasa nao waliyasema alipokuja kwetu. Na ikiwa waliyasema, basi wakati ule sisi tulikuwa akina nani? Tulikuwa Mazembe wa mtu mwingine.

Hapo ndipo simulizi la usaliti linapovunjika lenyewe. Haliwezi kusimama isipokuwa msimuliaji abaki amesimama mahali pamoja, akitazama upande mmoja tu. Akigeuka akaangalia nyuma yake, ataiona Mbagala. Akiangalia pembeni, ataiona Kinshasa. Mshambuliaji huondoka katika klabu kwa sababu ile ile iliyomleta katika klabu hiyo: alitafuta mahali pa kukomaa. Samatta aliondoka Simba kwa sababu mwaka 2011 Simba ilikuwa mahali pazuri pa kupendwa, lakini haikuwa bado mahali pa kukomaa. Mchezo ule wa Cairo ulilithibitisha hilo bila ya yeye kusema neno.

Kwa hiyo nashauri tuache kuuliza peke yake swali la kwa nini mchezaji ameondoka, na tuanze kuuliza alipokuwa hapa alitunzwa vipi. Swali hili linawahusu viongozi wa klabu, walimu wa shule, wazazi, waandishi wa habari na wapenzi wa jukwaani. Wanahabari waiache lugha ya kumtema mtu kama kapi. Klabu ndogo ziweke daftari la kila mtoto anayevaa jezi yake, hata kama jezi hiyo ni ya kuazima. Klabu kubwa zikumbuke kwamba zawadi ya siku ya ushindi haiwezi kuchukua mahali pa daktari, mwalimu na uwanja. Na wapenzi, ambao ndio wengi na ndio wenye klabu, wajue kwamba methali waliyorithi haikutungwa ili kumfunga mchezaji miguu. Ilitungwa ili kuwakumbusha watazamaji wajibu wao. Mcheza kwao hutunzwa. Akicheza kwao asitunzwe, lawama si yake.